Chuma cha vitumbua: kukitoa kutu, kukinywesha mafuta na kukitunza kwenye hewa ya pwani

Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikikaribia kwisha, katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba huonekana jambo moja. Mtu anaingia stoo, anakivuta chuma cha vitumbua kutoka chini ya masufuria ya shughuli, alikokiweka tangu Idi iliyopita, anakikuta kimekuwa chekundu. Anakisugua upesi upesi, anakitia mafuta mengi, anakiteleka, anamimina. Vitumbua vyote vinashika. Akivigeuza kwa kijiti vinakatika, juu vinatoka na chini vinabaki. Basi lawama zote zinakwenda kwenye unga: mchele haukusagika, hamira imekufa, tui limezidi.

Mwaka jana jirani yangu alinijia na bakuli la unga mkononi. "Shoga, onja unambie nimekosea wapi." Nikaonja. Umeumuka vizuri, hiliki imekaa pahala pake, sukari ya kiasi. Nikamwambia, "Unga wako hauna kosa hata kidogo. Niletee chuma." Alipokileta, nikapitisha kidole ndani ya kishimo kimoja na kidole kikatoka na rangi ya matofali. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya jioni ile na kesho yake, pamoja na niliyoyapata kwa miaka ya kumsaidia mama yangu kuuza vitumbua alfajiri.

Yanafaa pia kwa tawa la chapati, kikaango kizito cha chuma, na sufuria za chuma za kizamani zenye miguu. Nimeshika chuma cha vitumbua kwa sababu ndicho kinachosumbua kuliko vyote: kina vishimo, na unga wake una sukari.

Kwanza jua ulichonacho

Chukua sumaku, hata ile ndogo ya kwenye mlango wa friji. Ukiiweka ikashika, ni chuma. Isiposhika, huenda ni alumini iliyomiminwa, na vyuma vya vitumbua vya alumini vipo vingi madukani. Alumini haishiki kutu nyekundu na ni nyepesi mno: chuma cha ukubwa uleule kinapita mara mbili uzito wake. Hicho cha alumini usikitie siki wala magadi kwa kufuata maelezo haya, kwa sababu vyote viwili huila alumini.

Kikishika sumaku, tazama tena. Kilichomiminwa kwenye kalibu, yaani chuma cha kusubu, ni kinene, kizito, na uso wake una chembechembe kama ganda la chungwa. Tawa jembamba lililokatwa kwenye bamba na kufuliwa ni chuma vilevile, na linanyweshwa mafuta kwa njia ileile. Tofauti ni kuwa la kufuliwa ukiliangusha linabonyea, na cha kusubu ukikiangusha kinavunjika. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, na hiyo ndiyo inayokifanya kigumu lakini kisichokubali kupinda.

Hili nalijua kwa uchungu. Nilipokuwa mdogo nilikitoa chuma cha mama kwenye seredani, jiko letu la makaa, kikiwa moto mkali, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji nipate kukiosha upesi niwahi skuli. Kikalia "ta!" mara moja. Ufa ukatoka ukingoni mpaka kishimo cha katikati. Mama hakunigombeza. Alikishika, akakipitishia kidole kwenye ule ufa, akakiweka kando. Asubuhi iliyofuata hatukuuza. Kwa hiyo kabla ya yote, nakuomba: chuma cha moto na maji ya baridi visikutane kabisa.

Kama umekinunua kwa mtu au umekirithi, kipime ufa. Kining'inize kwa mpini wake ukigonge taratibu kwa kijiko cha mti. Kizima kinalia kama kengele na sauti inakaa. Chenye ufa kinatoa mlio mfupi uliokufa. Chenye ufa usihangaike nacho, kwa sababu kila kikipata moto ufa unakwenda mbele.

Kutoa kutu

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa, na chumvi inaiharakisha sana. Sisi tunaishi kisiwani: upepo unaotoka baharini una chumvi, na visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi pia. Ndiyo maana chuma kinachoweza kukaa miezi kwenye kabati la mtu wa bara, kwetu wiki moja ya masika inakitosha.

Kutu nyepesi, ile inayotoka kwa kidole kama vumbi, haihitaji siki. Mwagia chumvi ya mawe kiganja kimoja, tia mafuta kijiko kimoja, kisha sugua kwa kipande cha kumbi la nazi mpaka chumvi igeuke rangi. Kumbi linaingia vizuri kwenye vishimo kuliko kitambaa. Limau lililokatwa nusu nalo linafaa, unalichovya kwenye chumvi na kuzungushia ndani ya kila kishimo.

Kutu nzito, iliyoshika magamba, ndiyo inayotaka siki. Changanya siki ya kawaida ya dukani na maji, nusu kwa nusu. Kwa tawa unalaza lote kwenye beseni la plastiki. Chuma cha vitumbua si lazima ukizamishe, jaza vishimo tu, na kingo uzifunike kwa kitambaa kilichorowa siki hiyo hiyo. Acha nusu saa. Mwaga, sugua kwa stilwaya, tazama. Kama bado, rudia nusu saa nyingine. Usikilaze na siki usiku kucha. Asidi haijui kuchagua: ikishamaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na asubuhi utakikuta kimekuwa cha kijivu na kimejaa vitundu. Ukikosa siki, ukwaju mzito uliokamuliwa unafanya kazi hiyo hiyo ila polepole. Ndio huo huo waliotumia bibi zetu kung'arishia sinia za shaba.

Kazi imekwisha pale uso wote unapokuwa wa kijivu cha chuma kitupu na hakuna wekundu hata kwenye kona za mpini. Suuza kwa maji ya bomba au ya mvua, ya kisima cha chumvi hapana, na usisimame kuzungumza. Chuma kitupu kikiachwa na maji kinaanza kupata rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, ukikitazama hivi hivi. Kifute, kiweke papo hapo kwenye moto mdogo kwa dakika tano hadi kumi mpaka kiwe kikavu kabisa. Jirani yangu alikwenda kuitikia mlango hapo katikati. Aliporudi tulianza upya.

Kama ni masizi na si kutu

Chuma kilichopikiwa miaka huwa na gome jeusi la sukari na mafuta yaliyoungua. Kama ni laini na limeshika sawasawa, liache, hiyo ni mali. Kama linabanduka vipande na kuingia kwenye vitumbua, litoe. Chemsha maji ndani yake na kijiko kikubwa cha magadi kwa dakika kumi na tano, mwaga, kwangua kwa kijiti cha mti, rudia mpaka gome lilegee.

Magadi yanakula mafuta yaliyokauka, na majivu vilevile. Maji ya majivu ya kuni ni jamaa wa magadi. Ndiyo maana naona vibaya mtu akimaliza kupika anakisugua chuma chake kwa jivu na mchanga kila siku, kama anavyosugua sufuria ya alumini ing'are. Anaubandua kila jioni ule weusi alioutengeneza asubuhi, kisha anashangaa chuma chake hakizoei. Jivu liwe kwa siku ya kukivua chuma nguo zote, yaani kubandua gome lote, siyo kwa kila siku.

Wapo wanaokitupa chuma kwenye moto mkubwa wa kuni mpaka kiwe chekundu, gome lote liungue. Usifanye hivyo. Kinaweza kupinda kisikae sawa jikoni, kinaweza kupasuka, na kikinusurika uso wake hugeuka wekundu usioshika mafuta.

Mafuta gani

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na kosa lenyewe linatokana na mazoea mema. Tuna mafuta ya nazi, tuna samli, tunavipenda, tunaona chuma nacho kitavipenda. Lakini utando mweusi unaotakiwa haujengwi na mafuta kukaa juu ya chuma. Unajengwa na mafuta kubadilika: yakipata moto mkali na hewa, chembe zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa ngozi ngumu isiyooshwa kwa maji. Mtu aliyewaona mafundi wa majahazi kule Nungwi wakipaka mbao sifa, mafuta ya papa, anaelewa. Yanapakwa yakiwa majimaji, baadaye yanakauka yakashika.

Mafuta yanayobadilika hivyo ni yale yasiyoganda kwa baridi: alizeti, soya, mahindi. Ya nazi asilimia kama 90 ya asili yake ni ya aina inayoganda, na samli nayo zaidi ya nusu. Vikipata moto vinafuka, vinaungua, utando vinaouacha ni dhaifu na unatoka kwa maji ya moto. Mawese yako katikati. Mimi natumia alizeti ya kawaida iliyosafishwa, ile ile ya kukaangia. Samli itie baadaye, wakati wa kupika vitumbua vyenyewe, na ladha utaipata yote.

Kunywesha mafuta

Chuma kiwe kikavu na cha vuguvugu, kiasi cha kuweza kukishika kwa kitambaa. Tia mafuta nusu kijiko cha chai kwa chuma kizima. Ndiyo, nusu. Yapake kwa kipande cha kanga kuukuu ya pamba, ndani ya vishimo, baina yake, kingo, chini, mpaka mpini. Kisha chukua kipande kingine kikavu na uyafute yote, kama vile uliyapaka kwa bahati mbaya. Uendelee kufuta mpaka chuma kionekane hakina mafuta kabisa. Kinayo. Kiasi kilichobaki ambacho macho hayaoni ndicho kinachotakiwa.

Jirani yangu hapa alinishika mkono. "Lakini shoga, si tunakinywesha?" Neno ndilo linalotudanganya. Chuma hakinywi. Mafuta yakizidi yanatiririka chini ya vishimo, yanaganda na kuwa kama gundi ya rangi ya kahawia. Ukigusa yananata, na unga ukifika hapo umeshika. Chuma kinachonata siku zote ni cha mafuta mengi.

Kama una oveni, iwashe mpaka ifike nyuzi 230 hadi 250 za Selsiasi, kiweke chuma kifudifudi kwenye waya, saa moja, kisha zima na ukiache humo humo mpaka kipoe. Fungua madirisha, moshi utakuwepo.

Wengi tunapikia seredani, nayo haina kasoro. Washa makaa yashike yote, yawe mekundu yasiyotoa moshi, yakianza kuvaa jivu jeupe. Weka seredani nje au barazani penye upepo, mbali na watoto, maana huo moshi wa mafuta unakereketa macho na kifua. Kifudikize chuma juu ya makaa, vishimo vitazame chini. Kisha kipalie: weka bati juu yake na makaa machache juu ya bati, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Usipopalia, katikati panaiva na kingo zinabaki mbichi. Chuma kitafuka. Kiache mpaka moshi uishe wenyewe, kawaida nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Moshi ukiwa bado unatoka, kazi haijesha. Kitoe kwa koleo, kiache kipoe chenyewe juu ya jiwe.

Mara ya kwanza kitakuwa cha rangi ya shaba iliyofifia, na utadhani umeharibu. Rudia. Paka, futa, moto, poa. Mara ya pili kinakuwa cha kahawia iliyokolea, ya tatu kinaanza kuwa cheusi. Mara tatu ndiyo kidogo kabisa, nne au tano kwa chuma kilichovuliwa nguo zote. Sisi tulifanya mbili jioni ile, na tatu kesho yake baada ya alasiri.

Kiangalie kwenye mwanga. Kikiwa tayari kina mng'ao mdogo, wa hariri, na ukipitisha kidole kinateleza na kidole hakitoki na kitu. Kama pana mahali panata, kirudishe kwenye moto bila kuongeza mafuta.

Mapishi ya kwanza

Usianze na vitumbua. Sukari ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, maana inayeyuka na kushika. Siku ya kwanza jaza vishimo mafuta theluthi moja, vipashe moto, kaangia vitunguu maji vilivyokatwa au bajia ndogo. Kila ukikaanga, utando unazidi kushika. Kwa tawa, chapati za mafuta za siku mbili tatu zinatosha.

Wakati wa kumimina vitumbua, chuma kiwe moto kabla ya unga. Nyunyiza tone la maji: likikaa na kuchemka polepole, bado, na likirukaruka na kukimbia kama shanga, tayari. Hapo punguza moto, tia samli au mafuta kila kishimo, mimina. Kitumbua usikiguse mpaka kingo zikauke na vitundu vijae juu. Ukikiwahi kitashika hata kwenye chuma kizuri, kwa kuwa ngozi yake ya chini bado haijafanyika.

Vipo visivyofaa kupikwa humo utando ukiwa mchanga: tungule (nyanya), ukwaju, ndimu, embe mbichi. Mchuzi wa papa wa ukwaju ukichemka nusu saa kwenye sufuria ya chuma utakula weusi wote, na utatoka na ladha ya msumari. Madhara kwa mwili hamna, hicho ni chuma tu, na chakula kilichopikwa kwenye chuma huongezeka madini hayo. Ila ladha inaharibika na kazi yako pia.

Na mkate wa ufuta una chuma chake. Mkate ule tunautandaza kwa mkono wenye maji kwenye chuma cha moto ili ushike, halafu tunakifudikiza chuma juu ya makaa upande wa juu uive. Ukiutia kwenye chuma kilichonyweshwa vizuri utaanguka motoni. Wenye mkate wa ufuta wawe na chuma cha pili, kisichozoeshwa mafuta.

Kuosha kila siku

Subiri kipoe mpaka kiwe cha vuguvugu. Futa kwa kitambaa. Mara nyingi hilo linatosha. Kikiwa na sukari iliyoungua, tia maji ya moto kidogo, acha dakika mbili, sugua kwa dodoki. Kilichobaki kiondoe kwa chumvi ya mawe. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haidhuru utando uliokwisha shika, hilo la kuiogopa limetoka zama za sabuni kali za magadi. Kinachodhuru ni kulaza. Usikiache kwenye beseni la vyombo hata kwa muda wa sala moja.

Kisha kikaushe motoni, kila mara. Kitambaa hakimalizi maji ya kwenye vitundu vya chuma. Kikiwa bado cha moto kipake mafuta tone moja na ukifute.

Kukiweka

Miaka hii Ramadhani imesogea karibu na masika, kwa kuwa kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Kwa hiyo Idi ikipita tunakirudisha chuma stoo wakati ule hewa ilipo mbichi kabisa. Hapo ndipo mwaka wake unapoharibikia, siyo Shaaban tunapokiona.

Kwa kukiweka muda mrefu, mafuta ya nazi sasa yana kazi. Yale yale yanayoshindwa kujenga utando ndiyo yasiyochacha upesi. Alizeti ikikaa miezi bila moto inanata na kutoa harufu. Basi kikaushe chuma motoni, kipake mafuta ya nazi yaliyopikwa yakaiva mpaka maji yote yakaisha, kifute, kiache kipoe. Kifunge kwa karatasi za magazeti au kitambaa cha pamba, karatasi nyingine uzijaze kwenye vishimo. Mfuko wa plastiki usiutumie, unafungia unyevu ndani. Kisikae chini kwenye saruji, kisiegemee ukuta wa chokaa unaotoa maji wakati wa mvua, na kisiwe rafu moja na gunia la chumvi. Juu ya kabati la jikoni, karibu na joto la jiko, ndipo mahali pake. Kila mwezi kifungue ukitazame. Doa la kutu likiwa ukubwa wa punje ya mtama linatoka kwa limau na dakika tano.

Mwaka huu jirani yangu alikifungua chake wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Kilikuwa cheusi, kina harufu ndogo ya nazi. Tulikiosha kwa maji ya moto, tukakikausha, tukakipa alizeti mara moja juu ya makaa. Alimimina kishimo kimoja tu, cha katikati, kile kinachoshika kuliko vyote. Tukasubiri kingo zikauke. Akatia ncha ya kijiti pembeni, kitumbua kikazunguka chenyewe kabla hajakigeuza, na akavuta bakuli la unga karibu kumimina vilivyobaki.